«Mubakie nyumbani»: na tutakula nini?

Goma, mwezi wa nne 2020



Tangu Korona iingie inchini, kuna neno moja linarudi kila siku kinywani mwa wakubwa: «Raia ni wakaidi.» Wanalisema kwenye radio, wanalisema kwenye mikutano, wanalisema ndani ya gari zenye vioo vilivyofungwa wakipita Birere na kuona watu wamejaa barabarani. Raia hasikii. Raia anapenda kufa. Raia anahitaji fimbo.

Leo ninataka kujibu neno hilo, kwa sababu ni uongo, na uongo huo unaweza kutuua pamoja na Korona.

Amri tunazijua. Tarehe 19 mwezi wa tatu shule, makanisa na mabaa vilifungwa, na ikakatazwa watu zaidi ya 20 kukusanyika. Tarehe 24 Rais wa Jamhuri akatangaza hali ya dharura na mipaka ikafungwa kwa wasafiri. Kisha mji wetu wa Goma ukatengwa na sehemu zingine za jimbo la Kivu ya Kaskazini: magari ya mizigo yanapita, mtu wa kawaida hapiti. Sisemi kwamba amri hizo zilitoka kwa ubaya. Ninauliza swali moja tu: wakati zilipoandikwa, nani aliuliza raia wa Goma anakula nini jioni?

Hapa kwetu watu wengi hawana mshahara wa mwezi, wala gunia la unga nyuma ya mlango. Tunaishi kwa kadogo. Unga wa leo unanunuliwa leo, kwa pesa ya leo. Mafuta ya mawese yananunuliwa kwa kikombe, chumvi kwa kifuko, makala kwa kopo. Mwendesha-moto asipopata abiria kabla ya saa sita, bibi yake hawezi kuweka chungu motoni. Mtu wa chukudu asiposukuma mzigo, watoto wanalala na chai, kama sukari ipo. Kumwambia mtu huyo abakie nyumbani siku kumi na nne ni kumwambia asile siku kumi na nne. Akitoka siku ya pili, mnamuita mkaidi?

Nina jirani mmoja, mama wa watoto sita. Miaka mingi alikuwa anavuka petite barrière kila asubuhi kwenda Gisenyi kuleta nyanya, vitunguu na kabichi. Alikuwa anauza Birere, jioni anarudisha deni la mtaji, na kile kilichobaki ndicho chakula cha nyumba. Mpaka ulipofungwa, wenye mtaji mkubwa walianza kuleta mizigo kwa gari, maana gari la mizigo linaruhusiwa. Yeye ambaye gari lake ni kichwa chake na mgongo wake, hakuruhusiwa. Wiki ya kwanza alikopa. Wiki ya pili aliniambia: «Papa, mtaji tumeukula wote.» Wafanyabiashara wadogo wanajua uzito wa neno hilo. Mtu aliyekula mtaji, hata mpaka ukifunguliwa kesho, hana kitu cha kuvuka nacho.

Na wamama kama huyo ni maelfu. Goma haijilishi. Maharagi na viazi vinatoka Masisi na Rutshuru, ndizi na mihogo vinafika kwa mitumbwi kwenye soko la Kituku, nyanya na vitunguu vinatoka upande wa Rwanda. Ukifunga njia ya mwenye miguu na kuacha njia ya mwenye gari, chakula kitaingia, ndiyo, lakini kitaingia kupitia mikono michache, na mikono michache ndiyo itapanga bei. Tumeona kikombe cha maharagi kikipanda bila mtu kutueleza sababu.

Wengine watasema ni sisi tu wa Goma tunaolalamika. Hapana. Mjini Lubumbashi raia walifungiwa masaa 48 mwezi wa tatu. Mjini Kinshasa liwali alitangaza kufunga mji wote tangu tarehe 28 mwezi wa tatu, na kabla siku hiyo haijafika bei za vyakula zilikuwa zimeruka sana, hata akarudi nyuma na kuahirisha. Mwishowe ilifungwa Gombe peke yake, komini ya ofisi na benki. Kumbe hata wakubwa walielewa kwamba huwezi kufungia watu wanaokula kwa siku. Kama ilieleweka Kinshasa, kwa nini hapa inaitwa ukaidi?

Tuje kwenye maji. «Munawe mikono mara kwa mara na sabuni.» Neno zuri. Serkali ilitangaza hata kwamba maji na umeme vitakuwa bure kwa miezi 2. Ninashukuru. Lakini ninauliza: bomba liko wapi? Mji wetu umekaa juu ya mawe ya moto yaliyotoka Nyiragongo na kupoa. Kuchimba kisima hapa ni kupigana na jiwe. Ziwa Kivu liko mbele ya macho yetu, na bado katika kartie nyingi za komini ya Karisimbi mtoto anatembea na bido la litre 20 kutafuta maji, au mama anamlipa mtu wa chukudu amletee. Maji ya bure ni ya yule mwenye bomba. Asiye na bomba anaendelea kulipa. Na yule anayepata bido mbili kwa siku kwa watu tisa, atachagua kupika, kunywa, ao kunawa mikono mara kumi? Mimi ninajua jibu, nanyi mnalijua.

Sasa ninawageukia jamaa waliokimbia vita. Nyinyi mliotoka Masisi, Rutshuru na kwingine na kuingia mjini hamkai wote katika kambi yenye uzio na alama. Wengi mko ndani ya nyumba za mbao za ndugu, za rafiki, za watu wa kanisa, huko Ndosho, huko Mugunga, huko Majengo. Chumba kimoja, familia mbili ao tatu. Tukiambiwa tuache nafasi ya metre moja kati ya mtu na mtu, ninaangalia chumba kile ninashindwa kujua wapi ukuta utasogea. «Mubakie nyumbani» ni neno la ajabu kwa mtu ambaye nyumba yake iko nyuma ya milima, na shamba lake linavunwa na mwenye bunduki. Wengi wenu mlikuwa mnafua nguo za watu, mnabeba mawe ya ujenzi, mnalima kwa siku pembeni ya mji. Kazi hizo ndizo zilikatika kwanza. Na aliyewapokea naye amepoteza kazi yake. Aliyekuwa anagawa sahani moja kwa mbili, leo hana sahani.

Na kuna jambo ambalo linaniumiza zaidi: vizuizi. Amri inasema vizuizi ni vya kupima joto na kunawisha mikono. Mimi mwenyewe nilisimamishwa kwenye kizuizi kimoja nikitoka kazini. Ndoo ya maji ilikuwa kavu. Hakuna aliyenipima kitu. Mwenye sare aliniuliza maski yangu, nilikuwa nayo. Kisha akaniuliza karatasi, nilikuwa nayo. Mwishowe akaniuliza kama sina «kitu cha kunawa koo». Nyuma yangu alikuwepo kijana na mzigo wa sombe. Hakuwa na karatasi, lakini alikuwa na noti, akapita. Niambieni, ndugu: Korona ya yule kijana ilitibiwa na ile noti? Kizuizi kinachofunguka kwa matabishi hakizuii ugonjwa. Kinazuia maskini peke yake.

Nisieleweke vibaya. Kuna watu mtaani wanaosema Korona ni ugonjwa wa wazungu, ni biashara ya wakubwa, haishiki mtu mweusi. Huo ni uongo, na mimi ninaukataa hapa waziwazi. Ugonjwa upo, unaua, na hospitali zetu hazina nguvu ya kupokea wagonjwa wengi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wanaosema «mufungue vyote, Mungu atatulinda» siko pamoja nao. Kinga inahitajika. Lakini kinga bila maji na chakula ni jina tu.

Na ushuhuda tunao hapa hapa jimboni. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikianzia Mangina. Mwanzoni, walipokuja watu wa magari mengi na maneno machache, raia walikataa. Mwaka 2019 vituo vya matibabu vilishambuliwa Katwa na Butembo, na daktari mmoja aliuawa. Ilikuwa vibaya sana, na hakuna anayeweza kuisifu. Lakini tujifunze. Tarehe 14 mwezi wa saba 2019 Ebola ilifika Goma. Mji haukufungwa. Kwenye barabara na kwenye mpaka yaliwekwa mapipa ya maji yenye dawa, watu walipimwa joto, waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatwa nyumbani na kupewa chanjo. Tulinawa mikono mpaka ngozi ikakauka, na hakuna aliyetupiga ili tunawe. Rwanda ilipofunga mpaka siku ile ya kwanza ya mwezi wa nane 2019, ilifungua tena siku hiyo hiyo, na watu waliendelea kupita wakipimwa. Wagonjwa wa Goma walihesabika kwa vidole. Raia ni wale wale. Mwaka jana walisikia, kwa sababu waliwekewa maji mbele yao na wakaachiwa njia ya kutafuta chakula. Basi mwaka huu ukaidi umetoka wapi?

Na Ebola yenyewe haijaisha. Tarehe 10 ya mwezi huu, wakati ilibaki siku 2 tu tutangaziwe mwisho wake, mgonjwa mpya alipatikana Beni. Tuko na magonjwa mawili, vita, na njaa. Mtu akiwa na mizigo minne kichwani, humuongezi matusi kama mzigo wa tano.

Kwa hiyo hatuombi huruma. Tunaomba mambo ya wazi:

Kwanza, maji. Kabla ya kuweka kizuizi kingine, wekeni matanki ya maji katika kila kartie isiyo na bomba, na sabuni kando yake. Kizuizi kisicho na maji kiondolewe siku hiyo hiyo.

Pili, njia ya mwenye miguu. Kama dereva wa lori anaweza kupimwa joto na kupita, mama mwenye kikapu cha maharagi naye anaweza. Apimwe, anawe, apite.

Tatu, pesa. Asiye na maski apewe maski, ao arudishwe nyumbani. Kama kuna faini, iwe na karatasi yenye muhuri. Pesa isiyo na karatasi ni wizi, na mkubwa wa aliyeichukua awajibike.

Ine, jamaa waliokimbia vita wahesabiwe. Wakubwa wa kartie na wa avenyu wanajua nyumba gani imepokea watu wangapi. Msaada ukija, upite hapo, usomwe mbele ya watu wote, na umfikie pia mwenye nyumba aliyewapokea.

Tano, wenye nyumba. Katika hali ya dharura mtu asitupwe nje na watoto kwa sababu ya kodi ya mwezi mmoja. 

Na sisi raia tuna sehemu yetu. Tuache kusalimiana kwa mikono. Tuvae maski, hata ya kitambaa tulichoshona wenyewe. Mwenye kukohoa asiende sokoni, na jirani amwendee. Msiba ukitokea, tulie kwa uchache. Tusimfukuze mtu aliyekimbia vita tukisema ndiye analeta ugonjwa. Ugonjwa huu uliingia inchini kwa ndege, haukutembea kwa miguu kutoka Masisi.

Kwa wakubwa, neno la mwisho. Siku moja acheni magari, mushuke kwa miguu Kituku saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati mitumbwi inafika. Muwaulize wamama wale kwa nini hawakubakia nyumbani. Watawajibu kwa heshima, kwa sababu wana heshima. Mukiisha kuwasikia, murudi kwenye radio mutuambie tena kama raia ni wakaidi.