Terodde Hakufeli, Wasee

Eti Simon Terodde alikuwa "striker wa daraja la pili tu." Tu? Huyo Mjerumani alikuwa mfungaji bora wa 2. Bundesliga mara nne, na timu nne tofauti: Bochum, Stuttgart, Köln na Schalke. Mwaka wa 2021 akavunja rekodi ya Dieter Schatzschneider ya mabao 153. Stuttgart, Köln na Schalke zote zilipanda ligi kuu zikiwa mabingwa, yeye akizifungia. Ni kweli, huko juu mabao yalikuwa machache, na timu ya taifa haikumwita. Kwani iko nini? Mimi niliacha chuo, nawajua nyinyi wa kuhesabu tu penye mtu hajafika. Mtu akikucheka uko daraja la pili, muulize yeye amefunga ngapi.