Mikono Safi, Simu Chafu

Juma lililopita nilikwenda Mulago kumjulia hali shemeji yangu aliyelazwa. Nilipotoka wodini nilinawa kwa sabuni, nikajiona nimemaliza. Kumbe simu niliyoiweka kitandani pake, naye akaishika azungumze na wanawe, ilikuwa mfukoni mwangu. Nyumbani, kitinda mimba wetu aliipokea mlangoni akaitia mdomoni. Mama yake akauliza, "Mwalimu, na hiyo nayo umeiosha?" Nikakosa la kujibu.

Sisi wa Kampala tuna la kukumbuka. Tarehe 30 Januari 2025 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan, baada ya muuguzi wa Mulago kufariki. Ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili. Ugonjwa huo huambukiza kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na nguo au shuka zilizochafuliwa nayo ni hatari vilevile. Vijidudu vya kuhara na vya mafua navyo hukaa juu ya vitu tunavyoshika, bila rangi wala harufu.

Simu haitoswi majini. Izime, vua kava ulioshe kwa sabuni, kisha uipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa spiriti ya asilimia 70. Jik isitumike, itaiharibu. Na ninyi wa kambini, filimbi ya lindo hupulizwa na nani baada ya nani? Nayo ioshwe.

Simu yangu sasa hukaa rafuni mpaka ipanguswe, mtoto alie asilie.