Homa ya Ini: Adui Anayetumikishwa na Watu wa Nyumba

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Swali hutujia mara kwa mara: mtu aliyekutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, naye anatumia dawa na hasikii maumivu yoyote, kwa nini akatazwe kuziacha?

Jibu limo ndani ya ini lenyewe. Kirusi hiki hakiwezi kuzaliana nje ya seli. Juu ya seli za ini Allah ameweka protini iitwayo NTCP, ambayo kazi yake ni kuingiza chumvi za nyongo. Mwaka 2012 watafiti wa Beijing walibainisha kuwa huo ndio mlango anaopitia adui. Akishaingia hufika kwenye kiini cha seli, na huko vimeng'enya vinavyokarabati vinasaba vyetu humkamilishia vyake, vikawa duara lililofungika. Kisha kimeng'enya kinachonakili maagizo ya mwili wetu hunakili na maagizo yake.

Seli nayo hujitetea. Kundi la protini liitwalo Smc5/6 hulinyamazisha duara hilo. Lakini kirusi huleta protini yake, HBx, ikaitumia DDB1, protini ya seli yenyewe, kumvunjilia mbali mlinzi huyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dawa zinazotumika sana, kama tenofovir, huzuia kirusi kujiongeza, lakini duara hubaki kiinini. Mgonjwa aziachapo bila ushauri wa daktari, maradhi huweza kurejea kwa ukali. Ndiyo maana watafiti sasa wanaulenga mlango wenyewe. Mwaka 2020 Ulaya iliidhinisha bulevirtide, dawa inayoiziba NTCP, kwa wenye homa ya ini aina ya D, ambayo haishiki ila kwa aliye na B.

Nasi majumbani tuna wajibu wetu. Mtoto mchanga akiambukizwa, takriban tisa kati ya kumi hubaki na virusi hivyo kwa muda mrefu. Kwa watu wazima ni chini ya mmoja kati ya ishirini. Basi mama mjamzito apimwe, na mtoto apewe chanjo ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Wanandoa wapimwe, na asiye na virusi wala kinga achanjwe. Wembe, mswaki na sindano visichangiwe, na mahujaji wanyoapo vichwa, kila mmoja awe na wembe wake.

Lakini ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sinia moja wala kupeana mikono. Kumtengea mke sahani yake, au kumtaliki kwa sababu ya kipimo, ni dhulma, na hukata maini kuliko maradhi yenyewe. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, hakutufundisha kumkimbia mgonjwa wetu.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azihifadhi familia zetu. Amin.