Ndoa za Mchanganyiko: Uzee Je?

Kwenye mikutano yetu mada ya kuoa au kuolewa na Waingereza haikosi. Maswali ni yale yale: mama nyumbani atakubali? Mahari itapelekwa kwa nani? Ugali atajua kusonga? Sawa, lakini hayo ni ya mwaka wa kwanza tu. Mimi nasomea uhandisi, na daraja halipimwi siku ya kukata utepe. Mkifika miaka 75 itakuwaje?

Zamani wengi walisoma wakarudi. Kenyatta alimwoa Edna Clarke huko Sussex mwaka 1942. Mwaka 1946 akarudi Kenya, Edna akabaki Uingereza na mtoto wao. Sisi je? Wengi tutazeekea hapa hapa London.

Sasa sikilizeni. Mtu wa lugha mbili akipata dimensha, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani ndiyo hutangulia kupotea, ya utotoni ikabaki. Hebu fikiria: mzee yuko Lewisham, Kiingereza kimemtoka, anaomba uji kwa Kiswahili, na mkewe wa miaka 40 anamtazama tu. Watoto nao wanajua "jambo" na "asante", basi. Mkalimani wa hospitali anakuja siku ya miadi. Usiku wa manane hayupo. Hapo wanaoumia ni wote wawili.

Kuna watakaosema dawa ni kuoana sisi kwa sisi. Sikubali. Mbona tunazijua nyumba ambazo baba na mama wote ni wa kwetu, lakini watoto wanaongeleshwa Kiingereza kitupu? Uzungu wa mwenzio hauna kosa hapo. Uvivu ni wetu.

Basi tufanye mawili. Kwanza, Kiswahili kiongewe nyumbani tangu uchumba; mwenzio akitaka darasa, SOAS wamekifundisha miaka mingi. Pili, fahamuni sheria ya England na Wales: ndoa peke yake haimpi mwenzio mamlaka ya kukuamulia matibabu wala fedha ukipoteza uwezo wa kuamua. Inabidi uandike hati ya uwakilishi ukiwa bado na akili timamu, na isajiliwe.

Anayenipinga aandike toleo lijalo. Ila kwanza mwulize mwenzio kama anajua maana ya "nina kiu".