Kinga ya Mwili Haiuzwi kwa Chupa

Katika maduka mengi ya dawa zipo chupa za vidonge vya mafuta ya samaki vinavyonadiwa kwamba "huongeza kinga". Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini humpotosha mgonjwa na kumla fedha. Watoa huduma za afya hatuna budi kulisahihisha.

Chembe ya ukweli ni hii: utando wa seli nyeupe za damu hujengwa kwa asidi za mafuta, nyingine zikitokana moja kwa moja na chakula. Vijidudu vinapovamia, seli hizo huchukua asidi ya arakidoni, ya kundi la omega-6, na kuigeuza kuwa prostaglandini, ambazo huchochea homa, maumivu na uvimbe. Mwaka 1971, John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia ugeuzaji huo. Omega-3 za samaki nazo huingia katika utando uleule, na hutoa kemikali zinazosaidia kutuliza uvimbe.

Hapo ndipo neno "kuongeza" linapokosea. Kinga ni kama moto wa jikoni: ukififia, chakula hakiivi, ukizidi, nyumba huungua. Mgonjwa wa baridi yabisi, ambaye kinga yake hushambulia viungo vyake mwenyewe, anahitaji moto upunguzwe.

Mlo wa kawaida una mengi ya kulinda mizani hiyo. Dagaa wana omega-3. Dona, kunde na maharage yana nyuzinyuzi, ambazo bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, kama butireti. Tafiti za panya zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba asidi hizo huzidisha seli T zinazozuia kinga isipite kiasi. Nyuzinyuzi hizo hazimo katika kidonge cha mafuta ya samaki.

Wapo wanaoandikiwa omega-3 na daktari, kwa mfano kushusha trigliseridi katika damu. Hao wafuate maelekezo. Lakini kujinunulia dozi kubwa kiholela si salama, kwani huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mhudumu, muulize kila mgonjwa anameza nini nje ya cheti chako. Nawe mgonjwa, usiache chanjo wala dawa uliyoandikiwa kwa ahadi ya chupa. Fedha hiyo itakufaa zaidi sokoni, kwenye fungu la dagaa na kibaba cha kunde.