Wayunani, Imamu Ghazali na mtoto wa chuoni



Katika baraza moja hapa Pasiansi, baada ya sala ya Magharibi, lilizuka jambo lililotulazimisha kushika kalamu. Ustadhi mmoja kijana, akitoa darsa juu ya malezi ya watoto, alimtaja Plato, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Aflatuni. Mzee wetu mmoja, mtu wa heshima zake na ambaye ikhlasi yake hatuitilii shaka, akamkatisha kwa kumuuliza Wayunani walioabudu masanamu wana nini cha kumfundisha mtoto wa Kiislamu. Kijana akanyamaza kwa adabu, darsa ikaendelea na mengine. Lakini swali lile hatukuweza kuliacha barazani. Si swali la kijinga. Maulamaa wa Baghdad waliulizana hilo hilo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Siku hizo tulikuwa tukisoma kazi za Werner Jaeger, mwanazuoni wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki Marekani mwaka 1961. Bwana huyu aliutoa umri wake wote katika kuwachunguza Wayunani wa kale, na kitabu chake mashuhuri, chenye juzuu tatu, kinaitwa Paideia. Juzuu ya kwanza ilitoka Berlin mwaka 1934. Jina hilo ni neno la Kiyunani, na wengi hulifasiri kuwa ni elimu. Ukimsoma Jaeger utaona kuwa tafsiri hiyo haitoshi. Makusudio yake ni jinsi jamii inavyomuumba mtu wake tangu utotoni, kwa mashairi, kwa sheria, kwa mazoezi ya mwili na kwa mfano wa wakubwa, hadi awe mtu kamili kwa mujibu wa kipimo cha jamii hiyo. Sisi tunalo neno la karibu zaidi, nalo ni malezi. Katika Kiarabu ingekuwa tarbiya, na pamoja nayo adabu.

Aliandika pia juu ya itikadi. Katika mihadhara aliyoitoa Scotland mwaka 1936, iliyochapwa kitabu mwaka 1947, alieleza kwamba wanafalsafa wa mwanzo wa Kiyunani hawakuwa watu wa kuchunguza maji na moto tu, bali walikuwa wakimtafuta Mungu. Mmoja wao, Xenophanes, aliwacheka watu wake kwa kuwa kila kaumu huichonga miungu kwa sura yake yenyewe, Wahabeshi wakiifanya myeusi na watu wa kaskazini wakiipa macho ya buluu. Yeye alishikilia kuwa yuko mmoja aliye mkuu, asiyefanana na binadamu kwa mwili wala kwa fikra. Hatusemi kwamba huo ni Uislamu. Tunasema tu kwamba mzee wetu alipowaita wote waabudu masanamu aliwajumuisha hata waliokuwa wakiyakejeli.

Wala Jaeger naye si mtu wa kufuatwa kwa kufumba macho. Mwaka 1933, Hitler alipokwisha kushika madaraka, aliandika makala katika jarida la wafuasi wa utawala ule, akijaribu kuitafutia elimu yake ya kale nafasi chini ya watawala wapya. Miaka mitatu baadaye alilazimika kuhamia Marekani, kwani mkewe alikuwa na asili ya Kiyahudi. Mwenye elimu anayekwenda mlangoni kwa mtawala kuitafutia elimu yake kivuli si mgeni kwetu, na hapa hatuhitaji kutaja majina. Tena katika utangulizi wa Paideia anadai kwamba utamaduni, kwa maana yake kamili, ulianzia kwa Wayunani, na kwamba mataifa mengine ya kale yalikuwa na mila tu. Hilo tunalikataa. Mtu aliyelelewa na bibi wa Kisukuma kwa hadithi za jioni, au na maalim wa Kiswahili kwa maulidi na dua, anajua kuwa hakuumbwa kwa bahati.

Kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1961, kilionyesha jinsi mapadri wa mwanzo wa Kikristo walivyoichukua paideia na kuifanya yao. Akaishia hapo. Njia ya pili, iliyopita Baghdad, hakuiandikia kitabu. Ni mwanafunzi wake wa Berlin, Richard Walzer, aliyeifuata baadaye akiwa Uingereza. Na njia hiyo ndiyo inayotuhusu sisi tunaokaa kando ya ziwa hili.

Tutoe mfano mmoja. Alikuwapo Myunani aitwaye Bryson, aliyeandika risala ndogo juu ya uendeshaji wa nyumba: mali, watumishi, mke na mtoto. Asili yake ya Kiyunani imepotea, vimesalia vipande tu. Kilichobaki kizima ni tafsiri ya Kiarabu. Abu Ali Miskawayh, aliyefariki mwaka 421 Hijria, sawa na 1030, katika kitabu chake cha kutakasa tabia, Tahdhib al-Akhlaq, alipofika kwenye adabu za watoto alikiri waziwazi kwamba sehemu kubwa ameinakili kwa Bryson. Hakuona haya. Kisha akaja Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111, akaandika Ihya Ulum al-Din, kitabu ambacho hakuna mwanachuoni wa pwani au wa bara asiyekijua. Katika mlango wa mazoezi ya nafsi kuna fasili juu ya kumlea mtoto, na walioilinganisha na maneno ya Miskawayh wameona kuwa nyingi ya nasaha zake zimetoka huko. Imamu alizipitisha katika chujio lake, akazitia niya ya akhera, akazifanya ibada.

Zinasema nini? Mtoto afundishwe kula kwa utulivu, asiwe wa kwanza kunyoosha mkono. Asijifakhari mbele ya wenzake kwa mali ya babaye. Akifanya jema, asifiwe mbele ya watu. Akikosea mara ya kwanza, mlezi ajifanye hakuona, hasa ikiwa mtoto mwenyewe anajitahidi kuficha. Akirudia, aonywe faraghani, wala asikaripiwe kila saa, kwani karipio likizidi huzoeleka. Na akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri, apumzike. Imamu anaonya kwamba kumzuia mtoto na mchezo na kumchosha kwa masomo daima huufisha moyo wake.

Hatudai kwamba Imamu aliifuta bakora. Anaitaja. Lakini ameiweka mahali padogo, nasi tumeipa nyumba nzima.

Tazama hali ilivyo hapa kwetu. Mtoto anaamka alfajiri kwenda shule, anarudi mchana, anameza chakula mbiombio, anakimbilia chuoni na juzuu yake, na wenye uwezo humwongezea masomo ya ziada jioni. Shule haijui chuo kinafundisha nini, chuo nacho kinaiona shule kuwa ni mambo ya dunia. Tunamjua mtoto wa miaka kumi, wa mtaa wetu huu, aliyekuwa akichelewa chuoni kwa sababu shuleni walimchelewesha. Akachapwa mbele ya wenzake. Akachelewa tena, akachapwa tena. Sasa haonekani chuoni. Huonekana Kirumba, mwaloni, akiokota dagaa waliodondoka.

Na wanaohofu kwamba kusoma cha Myunani ni kuiacha dini, tuwakumbushe kuwa ni Ghazali huyo huyo aliyewapinga wanafalsafa katika Tahafut al-Falasifa, akawahukumu vikali katika mambo matatu: kudai ulimwengu ni wa milele, kudai kuwa Mwenyezi Mungu hajui vijambo vidogo vidogo, na kukana kufufuliwa kwa miili. Hakutupa kila kitu pamoja na hayo. Mantiki aliitanguliza katika kitabu chake cha usuli, al-Mustasfa. Na akasema kwamba anayeikana hesabu ya kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, huyo anaidhuru dini.

Hata ndimi zetu zinashuhudia. Falsafa, kanuni na karatasi, na kalamu hii tuliyoishika, ni maneno ambayo wataalamu wa lugha huyarejesha kwa Wayunani, yakapitia Kiarabu ndipo yakatufikia. Wala Ptolemy, Myunani wa Iskandaria, hakufika hapa, ila katika karne ya 2 aliandika kwamba Mto Nile unatoka katika maziwa yaliyo kusini. Waislamu wa Baghdad wakaichukua jiografia yake na kuisahihisha, karne nyingi kabla ya Speke kuliona ziwa letu mwaka 1858.

Juma lililopita tulimpelekea mzee wetu ile fasili ya Ihya. Alisomewa yote, akataka irudiwe pale penye habari ya mchezo. Kisha akamwuliza ustadhi kijana kama yule Bryson alikuwa na watoto. Hakuna aliyejua. Mtoto wa Kirumba bado hajarudi, na ustadhi amesema atakwenda mwenyewe kumwona babaye, bila bakora.