Mugumo Hauangushwi kwa Upole Peke Yake

Ndugu wapenda haki wa Thika na Ruiru,

Yako mahubiri yanayoenezwa miongoni mwetu, wala hayatoki kanisani. Yanasema kwamba mageuzi ya Kenya yaliletwa na watu wa kiasi, watu waliosema kwa sauti ya chini, wasiomkera mkubwa yeyote, wakangoja zamu yao. Mfano unaotolewa ni mmoja: hayati Mwai Kibaki, aliyeingia Bungeni mwaka 1963 na kustaafu siasa mwaka 2013, miaka 50 baadaye. Tazameni subira yake, tunaambiwa. Tazameni barabara aliyowajengea. Kisha wahubiri hao huwageukia vijana wetu na kuwaamuru wanyamaze.

Kibaki aliaga dunia Aprili 21, 2022, akiwa na umri wa miaka 90. Hatuandiki haya kumchafulia jina marehemu. Twaandika kwa sababu maisha yake yamefanywa kizibo cha kuwaziba vinywa walio hai.

Sifa zake tunazikubali bila kinyongo. Mwaka 1960 aliacha kazi ya uhadhiri Makerere ili aitumikie KANU wakati uhuru ulipokuwa ukitafutwa. Aliishika Wizara ya Fedha kwa zaidi ya miaka 10. Hakuwa mtu wa matusi, wala hakupenda kujikweza. Lakini swali letu si kama alikuwa mpole. Swali letu ni hili: upole huo ulifanya nini siku ilipobidi mtu agharimike?

Juni 1982 Bunge lilitia kifungu cha 2A katika Katiba, na KANU ikawa chama cha pekee kwa mujibu wa sheria. Mswada ulipita upesi, bila upinzani. Kibaki alikuwa Makamu wa Rais, na sauti yake haikusikika ikiukataa. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wagombea, na mlolongo mfupi ukatangazwa mshindi huku watu wakitazama kwa macho yao. Mwaka huohuo alivuliwa umakamu, akapewa Wizara ya Afya. Akaipokea, akakaa.

Ni nani basi aliyesema wakati huo? Januari 1, 1990, Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarani Nairobi na kuuliza kama tawala za chama kimoja za Afrika zingesalimika baada ya zile za Ulaya Mashariki kuporomoka. Askofu Henry Okullu akadai vyama vingi waziwazi. Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia wakawaita waandishi wa habari na kutamka yale ambayo mawaziri waliyanong'ona majumbani mwao. Julai 4 wakakamatwa na kutiwa kizuizini. Siku tatu baadaye, siku ya Saba Saba, wananchi walikusanyika Kamukunji wakapigwa, na katika ghasia zilizoenea hadi miji ya Kati watu wasiopungua 20 wakapoteza maisha. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa mfungwa wa Kamiti, gereza lisilo mbali na Ruiru, naye hakurudia afya yake tena.

Katika majira hayohayo Kibaki alitoa ule mfano wake mashuhuri, kwamba kutaka kuiondoa KANU ni kama kutaka kuukata mugumo kwa wembe. Watu wengi walicheka. Lakini sisi wa Thika tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka, maana habari za mugumo tunazijua. Wazee wetu husimulia kwamba mwonaji Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa utawala wa wageni ungekoma siku ambayo mugumo wa Thika ungeanguka, na kwamba wakoloni, kwa hofu, waliuzungushia mti ule ngome ya kuutegemeza. Mwaka 1963 ukaanguka. Mahali uliposimama pangali panaitwa Bustani ya Mugumo. Mtu aliyelelewa kwa hadithi hii haambiwi kwamba mugumo ni wa milele.

Sasa zitazameni tarehe, ndugu zangu. Desemba 3, 1991, wajumbe wa KANU walikutana Kasarani, kando ya barabara hii yetu, na wakakubali kwa shingo upande kwamba kifungu cha 2A kiondoke. Desemba 10 Bunge likakifuta. Kibaki alijiuzulu serikalini Desemba 25, siku 15 baada ya mlango kufunguliwa, akaunda chama cha Democratic. Waliouvunja mlango walikuwa vizuizini, hospitalini na makaburini. Yeye akaingia akiwa na suti isiyokunjika.

Watu wa hapa hawakuhitaji kufafanuliwa hayo. Katika uchaguzi wa 1992 eneo la ubunge la Juja, ambalo wakati huo lilijumuisha Thika na Ruiru, lilimpeleka Bungeni Stephen Ndicho wa FORD-Asili, chama cha Matiba. Waliopiga kura hiyo walijua tofauti kati ya aliyelipa na aliyesubiri.

Mtatujibu kwamba hatimaye ni mtu wa kiasi aliyeuangusha mugumo. Ni kweli kwamba Desemba 2002 Kibaki aliibwaga KANU iliyotawala kwa takriban miaka 40. Tena utawala wake uliacha matunda: Januari 2003 elimu ya msingi ilitolewa bila karo, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaingia darasani. Agosti 27, 2010, aliidhinisha Katiba mpya. Katiba hiyo ndiyo iliyozaa maeneo mapya ya ubunge, Thika na Ruiru zikapata kila moja mbunge wake tangu 2013. Hayo si madogo. Anayeyakana ni mwongo.

Lakini wembe haukuukata mti ule. Uliukuta umekwisha kukatwa na mashoka ya wengine. Mtu wa kiasi aliyevuna shamba asilolilima amebeba deni, na deni hilo hulipwa kwa kulinda mipaka ya shamba.

Je, aliilinda? Mwaka 1997 wanamageuzi walidai Katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi. Julai 7 polisi waliingia hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga waumini, naye Mchungaji Njoya akajeruhiwa. Damu hiyo ilipotikisa nchi, wabunge wa kiasi wa pande zote walikaa pamoja na kuunda kundi la IPPG. Makubaliano yao yalikuwa madogo kuliko madai ya wananchi, lakini yalikuwa na jambo moja la thamani: vyama vya upinzani vingeshirikishwa katika kuwateua makamishna wa uchaguzi. Hayo yalikuwa mapatano ya waungwana, yasiyo na mlinzi ila heshima ya waliopatana.

Mwaka 2007 Rais Kibaki aliwateua makamishna bila kuyajali mapatano hayo. Desemba 30 matokeo ya urais yalitangazwa katikati ya mzozo, naye akaapishwa jioni ileile, jua likizama. Yaliyofuata mnayajua. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133, na zaidi ya watu 600,000 wakafukuzwa makwao. Hatusemi kwamba mtu mmoja aliwaua. Twasema kwamba ua uliong'olewa kimyakimya ndio uliowaruhusu fisi kuingia, na aliyeung'oa alikuwa mtu wa kiasi.

Waumini wenzetu, Maandiko yanataja kiasi kuwa ni tunda la Roho. Maandiko hayohayo yanalitaja kanisa la Laodikia, lisilo moto wala baridi, na hukumu iliyolipata. Kiasi na uvuguvugu si kitu kimoja. Mwenye kiasi huuzuia ulimi wake usitukane. Mwenye uvuguvugu huuzuia usiseme kweli. Wa kwanza humwogopa Mungu, na wa pili huogopa kupoteza kiti. Kosa la wanaomtukuza Kibaki leo ni kutuuzia kitu cha pili kwa jina la cha kwanza.

Na ile barabara? Novemba 2012 Kibaki alifungua Barabara Kuu ya Thika, ya takriban kilomita 50, inayopita Ruiru kila siku ikiwa imebeba wafanyakazi wetu. Twaitumia na twashukuru. Hata hivyo ilijengwa kwa kodi na mikopo inayolipwa na wananchi. Haikuwa zawadi ya mtu. Lami haifuti deni la haki. Matiba aliamuliwa na mahakama mwaka 2017 kulipwa fidia ya mamilioni ya shilingi kwa mateso ya kizuizini, lakini aliaga dunia Aprili 15, 2018, kabla ya kuipokea. Taifa linalokumbuka kufungua barabara na kusahau kulipa majeraha limejifunza nini?

Ndiyo maana twakataa kuwaambia vijana wanyamaze. Juni 2024 walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, waliambiwa maneno yaleyale waliyoambiwa akina Matiba: hamna adabu, ngojeni, mti huu ni mkubwa kuliko wembe wenu. Mswada ukaondolewa, na wengine hawakurudi nyumbani. Nalo fundisho la 2007 halikushikwa: kwa zaidi ya miaka 2, hadi Julai 2025, nchi ilikaa bila makamishna wa uchaguzi, huku wanasiasa wa sauti za upole wakivutana.

Basi kila mtu wa kiasi atakayekuja Thika au Ruiru kuomba kura, awe mzee au kijana, muulizeni mambo matatu. Ulisema nini kabla mlango haujafunguliwa? Umewafanyia nini wale walioufungua? Na mapatano yasiyo na mlinzi utayashika siku yatakapokuzuia wewe? Akijibu kwa matendo, mpeni kura na mumwombee. Akijibu kwa tabasamu na ahadi ya lami, mwacheni aende zake.

Upole ni pambo la mwenye haki. Haujawahi kuwa badala ya haki.